Masika Yana Rangi Yake: Kweli na Si Kweli Kuhusu Sanaa ya Watoto

Ukiingia katika shule nyingi za chekechea za mjini mwezi Desemba, utakuta mtu wa theluji ukutani. Ana skafu shingoni, pua yake ni karoti, na chini ya miguu limeandikwa jina la mtoto. Nje ya dirisha mkrismasi umewaka maua mekundu mti mzima, lakini ukutani hakuna karatasi hata moja yenye wekundu ule. Mchoro wa mtu wa theluji ulitolewa kwenye intaneti, ukapigwa fotokopi, ukagawiwa, na watoto wakaambiwa wapake rangi bila kuvuka mstari. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Alifuata mambo yanayosemwa kila siku kuhusu sanaa na watoto, na mengi ya hayo hayana ukweli.

“Huku kwetu hakuna misimu.”

Si kweli, na uongo huu ndio unaozaa mengine yote.

Mtu wa pwani ana masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kiangazi cha Januari na Februari ambapo hata sakafu ya saruji inaunguza nyayo. Ana pepo mbili, kusi na kaskazi, ambazo wavuvi na manahodha wamepanga maisha yao kwa kuzifuata tangu zamani. Aliyeko Dodoma au Singida ana kalenda nyingine: mvua ya msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha ukavu. Nairobi, ikifika Oktoba, mijakaranda inamwaga maua ya zambarau barabarani. Kwa hiyo mwalimu asitafute orodha ya misimu kitabuni. Atoke nje, aangalie hapo alipo kuna nini mwezi huu.

Masika ni wakati wa udongo. Mtoto anayefinyanga ng'ombe kwa udongo mbichi anagundua mwenyewe kwamba miguu myembamba haiwezi kubeba tumbo kubwa. Hapo ataamua: amnenepeshe miguu, au amlaze chini. Kipupwe kinakuja na upepo wa kusi, na watoto wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba ni wakati wa vishada. Chelewa mbili za fagio, karatasi nyepesi, uzi, mkia wa kitambaa chakavu. Kishada kilichokatwa upande mmoja zaidi kinazunguka na kuanguka, na mtoto akishaona hivyo mara mbili, somo la uwiano wa pande mbili halihitaji ubao. Mwulize pia: rangi gani itaonekana vizuri kikiwa juu kabisa? Atajaribu nyeupe, itapotelea mawinguni. Vuli ina kumbikumbi wanaoacha mbawa zao chini ya taa. Zikiokotwa asubuhi zinabandikwa kwenye karatasi nyeusi, na mishipa yake midogo inaonekana wazi.

Na kiangazi kina vivuli. Hapa naomba nikae kidogo, maana mradi huu naupenda kuliko yote na hauna gharama yoyote. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi karibu 7 tu, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni linapita kaskazini mwetu, na kivuli cha mlingoti wa bendera kinaangukia kusini. Mwezi Desemba limehamia kusini, na kivuli kinaangukia kaskazini. Tena cha Juni ni kirefu karibu mara mbili ya kile cha Desemba. Wapeleke watoto mlingotini muda mfupi baada ya saa sita mchana, jua likiwa juu kabisa, wachore ukingo wa kivuli kwa chaki au wapange mawe. Baada ya hapo wachorane vivuli vyao wenyewe sakafuni, mmoja amesimama, mwingine ameinama na chaki. Rudieni miezi sita baadaye palepale. Sijui darasa litakalokaa kimya likikuta kivuli kimegeukia upande wa pili.

“Mwalimu achore ubaoni, watoto wanakili.”

Sehemu yake ni kweli, na ni muhimu kuijua sehemu hiyo.

Bibi anayemfundisha mjukuu kusuka ukili humwonyesha vidole vinavyokwenda: huu juu, huu chini, vuta. Bila kuiga mkono wa bibi, mkeka haupatikani. Jinsi ya kushika mkasi, jinsi ya kuunga mkono wa sanamu ya udongo ili usidondoke ukikauka, jinsi ya kuosha brashi kabla ya kuchovya rangi nyingine, yote haya huonyeshwa na huigwa. Lakini picha yenyewe si ya kuigwa. Mwalimu akichora nyumba ubaoni, yenye paa la pembetatu na bomba la moshi, atapata nyumba arobaini zenye bomba la moshi, na hakuna hata mtoto mmoja kati ya hao arobaini aliyewahi kuishi ndani ya nyumba hiyo.

Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alitumia maisha yake kupinga jambo hili. Alisoma Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa miaka ya 1930 kwa kuwataka wanafunzi wachore maisha waliyoyajua. Michoro ya ukutani aliyoikamilisha Njau mwaka 1959 katika kanisa kuu la Anglikana la Murang'a, Kenya, inasimulia maisha ya Yesu katika nchi ya Wakikuyu, pamoja na watu wake na milima yake. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, na hadi leo jina lake linatajwa pamoja na msimamo wake mkali dhidi ya kunakili. Ikiwa Kuzaliwa kwa Yesu kuliweza kuhamia Murang'a bila kupoteza utakatifu wake, basi Desemba ya mtoto wa Temeke inaweza kuwa na mkrismasi na maembe.

Jaribu hili. Waambie watoto wachore jani la mwembe, utaona mikono yote inakimbilia krayoni ya kijani. Usiwasahihishe. Watoe nje wakati mwembe unachipua, kila mmoja ashike jani changa mkononi. Ni laini, limening'inia kama limechoka, na rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu, mahali pengine inakaribia zambarau. Wakirudi darasani, mgogoro unaanza wenyewe: rangi hii haimo kwenye pakiti, itachanganywaje? Hapo ndipo ufundishaji wa sanaa unapoanza.

Mti uleule mmoja unatosha mwaka mzima. Uchorwe ukiwa na maua, uchorwe ukiwa na vitoto vya maembe, uchorwe umeelemewa, uchorwe umebaki majani matupu yenye vumbi. Karatasi nne zikibandikwa pamoja, mtoto anaona mwaka wake.

“Bila vifaa vya dukani hakuna sanaa.”

Si kweli. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia rangi za mafuta za kawaida na vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unabeba jina lake duniani kote. (Rangi hizo za mafuta asipewe mtoto. Harufu yake ni kali, na baadhi huwa na madini ya risasi.)

Jikoni kuna rangi ya kutosha. Kila aliyewahi kumwagia mchuzi nguo nyeupe anajua kinachotokea doa la manjano likiguswa na sabuni ya mche: linageuka jekundu. Doa hilo hilo ni somo zima. Koroga kijiko kimoja cha unga wa manjano katika maji ya vuguvugu kidogo, watoto wapake karatasi yote, ikauke. Halafu wachovye kijiti katika maji ya sabuni na kuchora juu yake. Mistari inatokea kwa rangi ya kahawia nyekundu mbele ya macho yao. Wakitaka kufuta, tone la ndimu linairudisha njano. Choya iliyolowekwa inatoa wekundu wa kupendeza, na ukiidondoshea maji ya magadi inaelekea kwenye bluu na kijani. Mkaa unatoa weusi. Udongo mwekundu uliochekechwa na kukorogwa na uji mwepesi wa muhogo unashika vizuri kwenye boksi, na uji huohuo ukiwa mzito ni gundi. Brashi? Mswaki wa mti uliotafunwa ncha.

Kama kuna senti za kutumia, zitumike kwenye karatasi. Karatasi nyembamba ya daftari ikilowa inachanika, na mtoto anadhani kosa ni lake. Manila moja iliyokatwa vipande inafaa kuliko pakiti tatu za krayoni hafifu zisizotoa rangi.

“Mtoto wa miaka mitatu hachori, anakwaruza tu.”

Si kweli. Viktor Lowenfeld, katika kitabu chake cha mwaka 1947, aliihesabu mikwaruzo kuwa hatua ya kwanza ya kuchora, inayoanzia karibu na umri wa miaka miwili. Rhoda Kellogg, mwalimu wa chekechea wa Marekani, alikusanya michoro ya watoto wadogo kwa mamia ya maelfu na kuonyesha kwamba ndani ya mikwaruzo kuna maumbo yanayorudiwa: duara, msalaba, mistari inayotoka katikati kama miale. Mpe mtoto huyo kijiti na mchanga uliolowa na mvua. Msimu gani? Wowote wenye mchanga.

“Si kila kitu cha msimu kinafaa kuchezewa.”

Kweli kabisa, na walimu wenye ari husahau.

Udongo wa masika usichotwe kwenye bwawa au mfereji wenye maji yaliyosimama, kwa sababu konokono wa maji hayo ndio wanaobeba kichocho. Mtu mzima achimbe udongo mahali pakavu, aulowanishe kwa maji safi. Mbegu za mbarika zina madoa mazuri na watoto hupenda kuzibandika, lakini zina sumu kali. Hali kadhalika zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hutunga shanga. Utomvu mweupe wa minyaa, ule ua unaozunguka nyumba nyingi, ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa. Kwa mbegu za kubandika, maharage, mahindi, mbegu za boga na za ukwaju zinatosha, ila kwa walio chini ya miaka mitatu hata hizo ni hatari ya kukaba koo. Wape majani.

“Sanaa inakula muda wa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu.”

Si kweli. Kidole kinachobana chelewa ndicho kitakachobana penseli. Darasa linalopima kivuli cha mlingoti linahesabu. Mtoto aliyetoka kumfinyanga ng'ombe aliyeanguka mara tatu ana hadithi ya kuandika, na ataiandika kwa hamu kuliko sentensi ya kunakili ubaoni.

“Kazi isiyodumu ni kazi bure.”

Si kweli. Rangi ya manjano hupauka juani baada ya siku chache. Ng'ombe wa udongo ambaye hakuchomwa atapasuka. Kishada kitanasa kwenye waya. Mtoto mdogo hahuzuniki sana kwa hayo, anahuzunika mtu mzima anapokitupa kitu chake jaani siku hiyohiyo huku yeye anatazama. Weka kazi mahali pa kuonekana kwa muda fulani, mahali penye kivuli kama ni ya manjano, kisha mwulize mwenyewe kama iondoke.

“Mzazi asiyejua kuchora hawezi kumfundisha mtoto.”

Si kweli, na hili nalisema kwa wazazi wengi wanaotuambia, “Mwalimu, mimi hata duara siwezi.” Huhitajiki kuchora. Unahitajika kutoka naye nje, kuokota, kungoja, na kuuliza vizuri. Ukiuliza “Hii ni nini?” mtoto anasikia kwamba hukuelewa. Ukisema “Nzuri sana!” bila kuangalia, naye anajua hukuangalia. Mwambie, “Nieleze hapa,” na uweke kidole mahali fulani: kwenye mstari mnene, kwenye kona aliyoiacha wazi. Akimaliza kueleza, geuza karatasi, andika nyuma jina lake, tarehe, na hali ya hewa ya siku hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Kama amesema upepo ulikuwa na hasira, andika upepo ulikuwa na hasira.