Rafadha ya Malindi Yakataa Hewa ya Kisumu

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba tanga huchaguliwa kwa upepo. Lakini rafadha, nilidhani, ni rafadha tu. Ya huku na ya kule ni mamoja. Kisumu ndiko nilikofunzwa.

Mpwa wangu, fundi wa mitambo huko, ameunda kijieropleni cha kiti kimoja. Mbawa tayari, injini tayari. Kilichobaki ni rafadha. Jamaa mmoja wa Malindi akamtunukia yake ya mbao, iliyofanya kazi miaka mingi bila ya kasoro. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa basi, imeviringwa mkekani, pamoja na ujumbe wa dada yangu: "Mwambie mwanangu mimi sitaki sifa, namtaka yeye."

"Shikamoo, mjomba." Aliipokea kwa mikono miwili, akasoma nambari mbili zilizochorwa kitovuni mwake. Ya kwanza ni urefu, ncha hadi ncha. Ya pili ni hatua, yaani masafa ambayo rafadha ingekwenda mbele kwa mzunguko mmoja lau ingepenya hewa kama skrubu ndani ya ubao. Hatua fupi huvuta vizuri wakati wa kupaa. Hatua ndefu huleta mbio angani, lakini huilemea injini chini.

Sasa, Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Malindi kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi, na jua la mchana huizidisha wepesi. Injini hupungukiwa nguvu, rafadha hukosa cha kushika, na mbawa hudai kasi zaidi ndipo ziinuke.

Jambo hili si geni ziwani. Ndege za majini za Imperial Airways zilianza kufika Ziwa Victoria mwaka 1931. Kuanzia 1937 zikaja zile kubwa za Short Empire, zilizotua Kisumu, kisha Mombasa, zikielekea Durban. Injini zao nne ziliwekwa juu, rafadha zisipigwe na rasharasha za maji. Na rafadha zenyewe zilikuwa na pembe mbili: moja ya kupaa, moja ya safari. Rubani wao alikuwa kama nahodha mwenye matanga mawili. Mpwa wangu analo moja tu.

Baada ya sala ya Alasiri tulikifunga chombo kwa kamba kwenye mti, akaifungulia injini yote. Mshale wa mizunguko ukakwama chini kabisa ya kiasi kinachotakiwa na kitabu cha injini.

Nikaona haya kuirudisha zawadi ya watu. "Haiwezi kuchongwa kidogo?"

"Panga moja likizidiwa na mwenziwe hata chembe, mjomba, mtikisiko utaing'oa injini."

"Basi si itapaa polepole?"

Akanionyesha miti mwisho wa uwanja, na ziwa nyuma yake. "Itapaa. Suala ni kabla ya miti ile, au baada yake."

Sikuwa na jibu. Ameamua kuweka akiba anunue rafadha ambayo mapanga yake hulegezwa kwa spana na kupangwa pembe chini kabla ya kuruka. Kisha ndipo aombe ruhusa ya wakuu wa usafiri wa anga.

Nami nikapanda basi na mkeka wangu. Dada aliponiona nao akashika kifua. "Kimeharibika nini?"

"Hakuna," nilimwambia. "Mwanao kakataa cha bure."

Akasema, "Alhamdulillahi."