Kimya cha Mjomba na Sanduku la Hati

Mjomba wangu ana hati ya shamba lake la ekari tatu, yenye muhuri na jina lake, na kwa sababu hiyo aliamini kwamba kesi ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Aliposhtakiwa na mtu aliyedai kwamba mwenye shamba wa awali alikuwa amekwisha kumwuzia marehemu babake, mjomba aliwasilisha utetezi wa maandishi, kisha akarudi kupalilia mihogo.

Muda si muda ikaja barua ya wakili wa mdai. Ilimtaka atoe nakala za mkataba wa mauziano, idhini ya bodi ya ardhi na risiti za malipo. Hakujibu. Ya pili nayo akaitia sandukuni. "Mwanangu," aliniambia baadaye, "adui yangu aje kutafuta ushahidi wake nyumbani kwangu?"

Swali hilo si la kipuuzi. Mimi ni mtu wa isimu, si wa sheria, lakini nashuku kwamba sehemu ya tatizo imo katika neno. Nimesikia utaratibu huu ukiitwa "ugunduzi", kana kwamba ni kazi ya mpelelezi avumbuaye kilichositirika. Hasha! Sheria haimtaki mdai agundue. Humtaka kila mmoja afichue.

Barua ya wakili peke yake haina meno. Mdai alikwenda mahakamani, ambayo chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai ina uwezo wa kuamuru hati zitolewe. Hakimu akampa mjomba siku 30. Hapo kimya kikageuka uasi. Siku zilipokwisha utetezi wake ulifutwa, mdai akasikizwa peke yake, na gharama zikamwangukia mjomba. Hati yenye muhuri haikuwa na wa kuisemea.

Na hata lau angalisikizwa? Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 huikubali hati kuwa ushahidi wa umiliki, lakini huruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa hila au kinyume cha utaratibu. Mwaka 2013, katika kesi ya Munyu Maina, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba haitoshi kuipunga hati inayopingwa. Mwenyewe sharti aonyeshe ilikotoka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikashikilia msimamo uo huo katika kesi ya Dina Management, iliyohusu kiwanja cha ufuoni Nyali.

Juma lililopita nililifungua sanduku. Mkataba umo. Idhini ya bodi imo, nayo iliombwa ndani ya miezi sita inayotakiwa. Risiti zimo, zimefungwa kwa uzi. Hamna karatasi hata moja ya kumwaibisha! Sasa, kwa kuwa alitakiwa kuzitoa akakataa, Sheria ya Ushahidi haimruhusu kuzitumia bila ridhaa ya mpinzani wake au amri ya mahakama.

Tumeomba uamuzi ule utenguliwe. Mahakama yaweza kufanya hivyo ikiona sababu ya kuridhisha, aghalabu kwa sharti la kulipa gharama. Wakili ameniuliza ni sababu gani tutakayoiandika katika hati ya kiapo. Barua zote mbili zilikuwa za Kiingereza, na mjomba husoma Kiswahili tu. Lakini mpwa wake mwenye shahada tatu alikuwa akimtembelea kila sikukuu, akila mihogo yake, wala hakuuliza habari za kesi.