Nusukaputi: Mgonjwa Alale, Dunia Isipate Joto

Tukitajiwa uchafuzi wa hewa, wengi wetu hufikiria moshi wa matatu na mabomba ya viwanda. Ni wachache wanaokumbuka chumba cha upasuaji.

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, hupokea wagonjwa kutoka kaunti nyingi za magharibi mwa Kenya. Katika hospitali yoyote kubwa kama hiyo, mgonjwa hulazwa kwa gesi ya nusukaputi, akapasuliwa, akaamka. Je, gesi ile huenda wapi?

Gesi za kisasa, yaani aisoflureni, sevoflureni na desflureni, hazitumiki mwilini zikaisha. Takriban zote hutoka na pumzi. Ili wahudumu wasizivute, hutolewa nje kwa bomba, zikapaa angani.

Madhara yake hayalingani. Katika muda wa miaka 100, kilo 1 ya desflureni hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 2,500 za kabonidayoksaidi. Sevoflureni haizidi kilo 200. Nayo nitrasi oksaidi, maarufu kama gesi ya kuchekesha, hufikia kilo 273 na hudumu angani zaidi ya miaka 100. Kwa wakulima wa mahindi na ngano wa Uasin Gishu, wanaotegemea mvua, mabadiliko ya hali ya hewa si hadithi.

Je, basi wagonjwa wapasuliwe wakiwa macho? La hasha! Usalama wa mgonjwa hutangulia. Hata hivyo, zipo njia.

Kwanza, daktari huchagua gesi yenye madhara madogo. Scotland iliacha desflureni mwaka wa 2023, na sheria ya Umoja wa Ulaya ikaizuia kuanzia Januari 1, 2026, isipokuwa pale mgonjwa hana budi.

Pili, mtiririko wa hewa mashinani hupunguzwa, tuseme kutoka lita 6 kwa dakika hadi lita 1. Pumzi ya mgonjwa hupitishwa kwenye chembechembe za chokaa maalumu zinazonasa kabonidayoksaidi, kisha gesi iliyobaki ikatumika tena. Lakini sharti pawe na kipimo cha oksijeni kinachofanya kazi.

Tatu, kuna sindano. Mama anayejifungua kwa upasuaji anaweza kudungwa ganzi ya uti wa mgongo, akamsikia mwanawe akilia, bila gesi yoyote ya kumlaza.

Nne, mitungi na mabomba ya nitrasi oksaidi yakaguliwe, kwani gesi nyingi huvuja kabla ya kumfikia mgonjwa.

Gesi ni ghali. Hospitali inayoitumia kwa uangalifu huokoa pesa pia, na haba na haba hujaza kibaba.