Uzi Uozao na Uzi Usiooza: Nyavu za Baraka na Kemia ya Polima

Mvuvi wa Baraka, katika eneo la Fizi, huweza leo kununua wavu wa nailoni pasipo kuuliza umetengenezwa kwa nini. Babu zake hawakuweza kulipuuza swali hilo. Kabla ya nailoni kuenea, ndagala wa Ziwa Tanganyika walivuliwa usiku kwa lusenga, yaani wavu mfano wa mfuko wenye mpini mrefu, huku mienge ikiwashwa mtumbwini ili kuwavuta samaki. Nyuzi za wakati huo zilitokana na mimea, na uzi wa mmea ukikaa majini huoza. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini huoza, na kwa nini nailoni haiozi.

Tuanze na pamba, zao ambalo wakulima wa sehemu nyingi za Kongo walilazimishwa kulilima chini ya utawala wa Wabelgiji. Pamba karibu yote ni selulosi. Selulosi ni polima: molekuli ndefu iliyoundwa kwa molekuli ndogo zilizofuatana kama pete za mnyororo. Hapa kila pete ni glukosi, sukari ileile iliyomo damuni mwetu, na mnyororo mmoja huwa na maelfu ya pete hizo. Kati ya glukosi na jirani yake ipo atomu ya oksijeni, na bakteria na kuvu wanavyo vimeng'enya vya kukikata kiungo hicho. La ajabu ni kwamba uzi wa pamba uliolowa una nguvu kuliko uliokauka. Basi hauharibiwi na maji, bali na walaji waliomo majini. Ndiyo sababu wavu wa pamba ulihitaji kuanikwa baada ya uvuvi, na wavuvi wa nchi nyingi waliuchovya katika maji ya magome yenye tanini.

Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers, mwanakemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani. Miaka 15 tu kabla yake, Mjerumani Hermann Staudinger alipodai kwamba kuna molekuli ndefu kiasi hicho, wanakemia wengi walimkatalia.

Hapa ndipo istilahi zetu za "nyuzi asilia" na "nyuzi sanisi" zinapotupotosha kidogo. Kiungo kinachounganisha pete za nailoni ni cha aina ileile iliyomo katika hariri na sufu: kaboni iliyoshikamana na nitrojeni. Tofauti imo katika vipande vilivyo baina ya viungo. Katika hariri ni asidi za amino, ambazo viumbe wamezizoea. Katika nailoni ni mfululizo wa kaboni ambao vimeng'enya vya ziwani haviumudu kwa urahisi.

Hata hivyo nailoni ina adui wake, nalo ni jua. Miali ya urujuanimno huikata minyororo yake, na uzi hupungua nguvu pasipo kuonyesha dalili mapema. Desturi njema ya zama za pamba, ya kuuacha wavu juani siku nzima, hudhuru wavu wa nailoni; heri kuuweka kivulini.

Neno lenyewe nalo limetangatanga. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki, "mfuko wa nailoni" ni mfuko wa polithini, polima ambayo mnyororo wake ni kaboni kwa kaboni, haina kiungo cha nailoni hata kimoja, nayo huelea. Vyandarua vya mbu, ambavyo baadhi ya watu wa ziwani huvitumia kuvulia, ni vya poliesta au polithini; macho yake ni madogo mno hata hunasa vifaranga vya samaki.

Nailoni, kinyume cha polithini, ni nzito kuliko maji. Wavu uliokatika na kupoteza maboya yake huzama, na kule chini, mbali na jua na bila bakteria wa kuumaliza, waweza kuendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayekuja kuwategua.