Mwalimu wa Tuisheni Mwenye Subira: Kamati Itamjuaje?



Katika vikao vya kamati za elimu za sharika zetu, maombi ya msaada yamebadilika sura. Zamani mzazi alikuja kuomba ada. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa wakati wa kuanza kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) uliotekelezwa kuanzia mwaka 2002. Mwaka 2004 ukaanza mpango wa elimu ya sekondari (MMES), na shule za kata zikajengwa kwa wingi. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita. Tunamshukuru Mungu kwa hatua hizo. Hata hivyo, sare, madaftari na michango bado ni mzigo, na sasa kuna ombi jingine: "Mtoto yupo shuleni, lakini haelewi. Tusaidieni tupate mwalimu wa tuisheni."

Ombi hili ni la haki, na kamati nyingi zinapenda kulikubali. Tatizo ni namna ya kumchagua mwalimu. Mara nyingi tunauliza ana cheti gani, alipata daraja gani, anadai shilingi ngapi. Hayo ni maswali mema, lakini hayatoshi. Mtoto anayeletwa kwenye kamati kwa kawaida ameshakutana na walimu wenye vyeti. Anachokosa ni mtu atakayekaa naye pale anapokosea, bila kumcheka wala kumharakisha. Makala haya yanaeleza jinsi kamati inavyoweza kumtambua mtu huyo kabla ya kutoa fedha ya wafadhili.

Kwa nini mtoto hunyamaza

Mtoto wa Kitanzania katika shule ya msingi ya kawaida husoma kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hisabati zote zinageuka kuwa za Kiingereza. Zipo wiki za mwanzo za kuwaandaa, lakini wiki chache haziwezi kujaza pengo la miaka. Mtoto anaweza kuwa anaijua kazi ya mizizi ya mhindi kwa sababu analima na wazazi wake, lakini akashindwa kujibu swali juu ya mizizi kwa sababu hakuelewa maneno ya swali.

Darasani kuna wanafunzi wengi na kipindi ni kifupi. Mwalimu hata akiwa na nia njema hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mtoto akijibu vibaya mara mbili tatu na wenzake wakacheka, anajifunza somo moja haraka kuliko yote: kunyamaza ni salama. Tangu hapo hanyooshi mkono, ananakili ubaoni asichokielewa, na mwisho anaanza kukosa siku za vipindi vigumu. Wengi wanaoacha shule huanza kuacha hivi, kidogo kidogo, wakiwa bado wamekaa darasani.

Wapo pia wasichana waliorejea masomoni baada ya serikali, mwezi Novemba 2021, kuruhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za serikali. Hawa wamekaa nje kwa muda, wamesahau mengi, na wanabeba aibu isiyostahili kuwa yao. Neno moja kali la mwalimu linaweza kuwarudisha nyumbani moja kwa moja.

Mtume Paulo katika Wakolosai 3:21 anawaonya akina baba wasiwatendee watoto kwa namna itakayowavunja moyo. Mwalimu wa tuisheni naye amepewa sehemu ya malezi hayo. Kwa hiyo subira si nyongeza ya kupendeza. Ndiyo sifa ya kwanza ya kazi yenyewe.

Subira huonekana mtoto anapokosea

Kila mwombaji wa kazi akiulizwa kama ana subira atasema anayo. Barua ya maombi haiwezi kuonyesha zaidi. Lakini ipo njia rahisi ya kumwona akiwa kazini. Mwombe afundishe kwa dakika ishirini mbele ya wajumbe wawili wa kamati, akiwa na mwanafunzi mmoja au wawili, na mpeni kosa la kushughulikia.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ameulizwa 1/2 + 1/3, naye ameandika 2/5. Amejumlisha namba za juu kwa juu na za chini kwa chini. Ni kosa la kawaida sana.

Mwalimu wa kwanza anasema, "Hapana, jibu ni 5/6. Tafuta kigawe kidogo cha shirika. Hili mlifundishwa shule ya msingi." Anaandika hatua zote mwenyewe, mtoto ananakili. Jibu ni sahihi, lakini mtoto ameondoka na aibu na hatua asizozielewa.

Mwalimu wa pili anauliza kwanza, "Hebu nieleze ulivyofanya." Anasikiliza hadi mwisho. Kisha anauliza, "Ukiwa na nusu chapati nikakuongezea theluthi, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu?" Mtoto anajibu zaidi. "Sasa tukate chapati vipande kumi. Nusu ni vipande vingapi?" Vitano. "Na 2/5 ni vipande vingapi?" Vinne. Mtoto mwenyewe anaona kwamba jibu lake ni dogo kuliko alichoanza nacho. Hapo mwalimu anakata chapati nyingine vipande sita: nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla ni vitano, yaani 5/6. Kisha anampa swali jingine la aina hiyo na kukaa kimya huku mtoto akilifanya.

Wote wawili wanajua hisabati, na huenda vyeti vyao vinafanana. Wa pili ametumia dakika nyingi zaidi, lakini mtoto ameondoka na njia ya kujikagua mwenyewe. Mjumbe wa kamati asiyejua hisabati anaweza kabisa kuona tofauti hiyo.

Katika Kiingereza, mfano mzuri ni mwanafunzi anayeandika kwamba mama yake ni mkulima lakini akatumia neno la mwanamume, yaani "he". Mwalimu mwenye haraka ataona uzembe. Mwalimu mwenye subira atakumbuka kwamba Kiswahili kina "yeye" moja tu kwa mama na baba, kwa hiyo mtoto anajifunza tofauti ambayo lugha yake haina. Akilifafanua hilo, mtoto anaona kwamba kosa lake lina sababu na linaweza kurekebishwa.

Wajumbe wanaoshuhudia wazingatie mambo haya:

1. Baada ya kuuliza swali, je, mwalimu anasubiri, au anajibu mwenyewe baada ya muda mfupi?
2. Je, anauliza mtoto alivyofikiri kabla ya kumsahihisha?
3. Nani anashika kalamu muda mwingi zaidi, mwalimu au mwanafunzi?
4. Anaposifu, je, anasifu jambo mahususi ("umeangalia alama ya kutoa vizuri"), au anasema tu "vizuri" kwa kila kitu? Sifa tupu watoto huitambua upesi.
5. Mtoto asipoelewa mara ya pili, je, mwalimu anatafuta njia nyingine, au anarudia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi?

Baada ya zoezi, mwulizeni mtoto, mwalimu akiwa hayupo: "Ungependa arudi?" Jibu lake lipewe uzito.

Tuongeze tahadhari moja. Subira si upole wa kuacha mambo yaende. Mwalimu anayemhurumia mtoto kiasi cha kumfanyia kazi zote hamsaidii. Mwenye subira ya kweli haoni haya kurudi nyuma hadi darasa la nne ikiwa tatizo lilianzia huko, lakini anahakikisha kwamba mtoto anafanya mwenyewe.

Tumtafute wapi

Sharika nyingi zina watu wanaofaa tayari. Wapo walimu wastaafu, ambao utumishi wa umma huwaachia wakiwa na miaka 60, au 55 kwa hiari, bado wana nguvu na wamezoea makosa ya watoto. Wapo vijana waliohitimu ualimu ambao bado hawajapata ajira. Wapo waliomaliza kidato cha sita, ambao wanakumbuka vizuri ugumu wa masomo, ingawa hawa wanahitaji mwalimu mzoefu wa kuwaongoza na wanaweza kuondoka muda wowote wakiitwa chuoni. Walimu wa Shule ya Jumapili nao watazamwe, kwa kuwa wameonekana na watoto mbele ya usharika kwa muda mrefu.

Kuhusu mwalimu anayemfundisha mtoto huyo huyo darasani, kamati iwe makini. Wapo wanaojitoa kwa moyo. Lakini si vema mwalimu apate fedha zaidi kadiri anavyofundisha kidogo wakati wa kipindi chake. Inapowezekana, achaguliwe mwalimu mwingine, na mkuu wa shule ashirikishwe tangu mwanzo ili masomo ya ziada yasaidie kazi ya shule badala ya kushindana nayo.

Mapatano na malipo

Kamati isimwajiri mtu kwa mdomo. Karatasi moja inatosha, ikieleza somo, siku, saa, mahali, idadi ya wanafunzi na malipo. Mapendekezo yetu ni haya:

- Kuanza na vipindi vinne vya majaribio, kisha kamati, mzazi na mtoto wakae kutathmini.
- Kulipa kwa vipindi vilivyofanyika, kwa kuzingatia daftari la mahudhurio lililosainiwa, na stakabadhi ihifadhiwe na mtunza hazina.
- Kutolipa kwa ahadi ya matokeo. Mwalimu anayeahidi daraja la kwanza baada ya miezi miwili atamkaririsha mtoto majibu, au atamkasirikia yasipokuja.
- Kikundi kisizidi wanafunzi wanne au watano wenye kiwango kinachokaribiana. Kikiwa kikubwa zaidi, yule aliyenyamaza darasani atanyamaza tena.

Vipindi viwili kwa wiki, vya saa moja na nusu kila kimoja, kwa wiki kumi, ni saa 30. Ni afadhali saa 30 zenye mpangilio kuliko kambi ya siku chache kabla ya mtihani. Bandu bandu huisha gogo.

Usalama wa mtoto

Hili halina mjadala. Mafundisho yafanyike mahali pa wazi: ukumbi wa usharika, darasa lenye milango iliyo wazi, au barazani mzazi akiwepo. Mwalimu asikae na mtoto mmoja chumbani peke yao, na vipindi viishe mapema ili mabinti wasitembee gizani. Kamati iulize walikofanya kazi waombaji zamani, na iulize hasa kwa nini waliondoka. Viboko na matusi visiruhusiwe kabisa. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, hivyo wanafunzi wetu karibu wote wa sekondari wanalindwa nayo. Watoto waelezwe mapema nani wa kumwambia likitokea jambo: mchungaji, parishiwaka au mzee wa kanisa mwanamke. Pia wajue kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na namba ya simu ya bure 116.

Neno kwa wafadhili wetu

Baadhi yenu mnauliza, na ni haki kuuliza, fedha hizi zinaleta nini. Alama za mtihani tutaendelea kuzitaja, lakini zinachelewa kubadilika. Kabla yake kuna dalili nyingine zinazoweza kuhesabiwa na kuandikwa kwenye taarifa: mahudhurio ya mtoto shuleni, maswali aliyouliza mwenyewe, kazi za nyumbani alizokamilisha, na zoezi lile lile alilofanya wiki ya kwanza likirudiwa wiki ya kumi. Tunaziomba kamati ziandike dalili hizo, na tunawaomba wafadhili mzisome kwa uzito ule ule mnaosomea hesabu za fedha.

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe na kutunza shule. Aliona ajabu kwamba fedha nyingi zinatumika kwa silaha, barabara na madaraja, huku walimu wakikosa. Sisi tuliorithi imani hiyo tumejenga madarasa, na hatuna budi kuendelea kujenga. Lakini mtoto aliyenyamaza darasani hahitaji ukuta mwingine. Anahitaji mtu mzima mmoja atakayemwuliza "hebu nieleze ulivyofanya", kisha akasubiri jibu. Mtu huyo huenda anakaa benchi la tatu kanisani kwenu. Kamati iende ikamtafute kabla mtoto hajaacha shule.



Mratibu wa Miradi, Ofisi ya Dayosisi