Kompyuta mpakato ya mtumba: ikague hivi kabla ya kulipa

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wasikilizaji wetu wengi huuliza: fedha za mahindi zikishapatikana, kijana anunuliwe kompyuta mpakato gani?

Kwa fedha kidogo, kompyuta ya ofisini iliyotumika mara nyingi hufaa kuliko mpya ya bei ya chini kabisa. Tunazungumzia aina kama Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook. Makampuni ya nje huzitumia miaka michache kisha huzibadilisha, na baadhi huishia katika maduka ya Kariakoo na mikoani. Ni imara, na mafundi wengi wanazijua. Lakini mtumba hukaguliwa dukani, si nyumbani.

Kwanza, usiridhike na maneno "Core i5". Mwombe muuzaji akuonyeshe namba kamili ya prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, na i5-10210U ni cha 10. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida huhitaji Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Ya zamani itawaka, ila ulinzi wake dhidi ya virusi utazidi kupungua.

Pili, tafuta RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Kwa kuandika, hesabu na masomo ya mtandaoni, hizo zinatosha.

Tatu, hakikisha haijafungwa na mwenye nayo wa kwanza. Izime, iwashe, kisha bonyeza F2 mfululizo kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri asilolijua muuzaji, iache. Iache pia ikionyesha jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini.

Nne, pima betri. Ikiwa imejaa, chomoa chaja uitumie nusu saa palepale. Ikishuka kutoka asilimia 100 hadi 70, itadumu kama saa moja na dakika 40 tu. Jumlisha bei ya betri nyingine kabla ya kukubaliana.

Tano, fikiria umeme wa nyumbani. Chaja nyingi za kompyuta hizi ni za wati 65, wakati ya simu ndogo ni wati 5 hadi 10. Sola ya taa na simu haitaiweza. Soma wati kwenye chaja, umwonyeshe fundi wako wa sola.

Mwisho, dai risiti yenye namba ya kompyuta, na siku za kuirudisha ziandikwe hapo. Muuzaji akikataa kuandika, nenda duka la pili.