Fahamu: Upasuaji wa kurekebisha uso na shamba la Kilimanjaro

Ni nini?
Ni upasuaji wa kurudisha umbo na kazi za uso: kula, kusema, kufumba macho. Huwahusu waliozaliwa na mdomo sungura, walioungua, waliojeruhiwa ajalini au kuondolewa uvimbe. Si urembo.

Kilimanjaro inaingiaje?
Mwaka 1956, shambani kwa daktari Michael Wood chini ya mlima huo, mabingwa watatu wa fani hii walipanga kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege: Wood, Tom Rees wa Marekani, na Archibald McIndoe, aliyewarudishia nyuso marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1957 ikazaliwa huduma ambayo leo ni shirika la afya la Amref.

Kwa mzazi
Mtoto mwenye mdomo sungura hajalogwa. Mdomo huweza kushonwa akiwa na takriban miezi 3. Anzia zahanati, omba rufaa. Hospitali ya kanda ya Kaskazini ni KCMC, Moshi.